Kila Kichupo Kina Mwenyewe

Hotuba kwa wabunifu wa programu, wanafunzi na wahudumu wa saiba (vibanda vya kompyuta na intaneti), Kisumu

Wazee wetu, walimu, wanafunzi mliotoka Maseno na Bondo, na nyinyi wenye saiba mliofunga milango mchana huu mje kunisikiliza: hamjambo. Najua kufunga saiba siku ya kazi ni kukosa hela, kwa hiyo sitawazungusha.

Nimeombwa nizungumzie njia mpya za kupanga vichupo vya kivinjari, zile tabs za kurasa ulizofungua zinazojipanga juu ya dirisha. Wabunifu wengi wanaoligusa jambo hili huwa na mtu mmoja akilini. Ana kompyuta yake mwenyewe, amekaa peke yake, amefungua kurasa hamsini kwa sababu kila kitu kinamvutia, na sasa anataka kivinjari kimtulize. Mtu huyo yupo, nami simdharau. Lakini leo naomba tuanzie saiba moja mtaani Kondele, hapa Kisumu, saa nne asubuhi, wiki ya mwisho ya Juni, siku chache kabla ya tarehe 30 ambayo ndiyo mwisho wa kujaza ritani za kodi.

Mhudumu ana mashine moja. Mbele yake kuna mama aliyetoka Kibuye anayetaka ritani, mwalimu anayetaka pesilipu zake za miezi mitatu, kijana wa boda anayefuatilia leseni kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na msichana wa HELB, mkopo wa elimu ya juu, ambaye hajasema neno tangu aingie. Mama anangoja namba ya siri itumwe kwenye simu yake, na simu yenyewe ameiacha kwa mtoto. Mwalimu ametoka nje kupokea simu. Kwa hiyo mhudumu anaruka kwa kijana wa boda, anarudi kwa mama, anafungua pesilipu ya kwanza, anatuma kwenye printa, anarudi tena. Juu ya kioo kuna vichupo kumi na vinne. Vitano kati yake vina picha ile ile na jina lile lile, kwa sababu ni tovuti moja.

Kwa mhudumu huyu kila kichupo ni mtu aliyesimama kwenye foleni, na kivinjari hakina habari. Kinachokijua ni anwani ya ukurasa, basi. Hoja yangu leo ni moja tu: tukibuni upya vichupo, tuanze na kazi na mwenye kazi, halafu ukurasa ufuate.

Tutazame kwanza tulikotoka, kwa haraka. Wavuti ulipoanza, ukurasa mpya ulimaanisha dirisha jipya. Mwaka 1994 kivinjari cha InternetWorks, cha kampuni ya BookLink Technologies, kilionyesha kurasa kadhaa ndani ya dirisha moja. NetCaptor ya Adam Stiles ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1990, Opera ikaweka safu ya vichupo mwaka 2000, Mozilla mwaka 2001. Internet Explorer, iliyokuwa kwenye karibu kila kompyuta ya saiba enzi hizo, ilichelewa hadi toleo la 7, mwaka 2006. Chrome ikaja Septemba 2008 na vichupo juu kabisa ya dirisha, huku ikivitenganisha kiutendaji ili ukurasa mmoja ukianguka usiangushe nyingine. Tunayalipia hayo kwa kumbukumbu ya mashine hadi leo.

Chrome ile ya kwanza ilikuwa na jambo dogo ambalo napenda kuwaonyesha wanafunzi wa ubunifu. Ukifunga kichupo kwa mausi, vilivyobaki havitanuki mara moja. Vinangoja mpaka mshale uondoke kwenye safu. Kwa nini? Ili alama ya kufunga ya kichupo kinachofuata ije pale pale ulipo mshale, uweze kubofya mara tano bila kusogeza mkono. Aliyelifikiria hilo alikuwa amemtazama mtu akifanya kazi. Mengi yaliyokuja baadaye ni makubwa zaidi lakini yana akili pungufu.

Chukueni mfano wa Panorama. Mwaka 2010 Aza Raskin, akiwa Mozilla, watengenezaji wa Firefox, alionyesha wazo lililoitwa kwanza Tab Candy. Unabonyeza kitufe, vichupo vyote vinageuka picha ndogo zilizotawanyika kwenye uwanja mpana, unaziburuta na kuzikusanya kwa makundi: hapa safari, hapa kazi, hapa ununuzi. Ilikuwa nzuri kuitazama. Iliingia kwenye Firefox 4 mwaka 2011, na mwaka 2016 ikaondolewa kwa sababu walioitumia walikuwa wachache mno. Mimi naona sababu yake ni hii: ilikudai kazi kwanza, faida ikaahidiwa baadaye. Usimamishe unachofanya, upange, uvipe vikundi majina, halafu siku moja utafurahi. Mwenye foleni ya watu wanne hana dakika hiyo.

Makundi ya vichupo yalirudi Chrome mwaka 2020, Safari mwaka 2021, na Firefox mwaka 2025, safari hii kwa sura ya unyenyekevu zaidi: rangi, jina fupi, unakunja na kukunjua palepale kwenye safu. Yanatumika zaidi kwa sababu yanadai kidogo. Hata hivyo bado yanakusanya kurasa zinazofanana, na mama wa Kibuye hafanani na kitu. Kurasa zake ni za kodi, za barua pepe na za simu, zote kwa asubuhi moja.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, uliotolewa mwaka 2021 na kundi la Aniket Kittur, ambao naomba kila mbunifu hapa ausome. Waliwauliza watu kwa nini hawafungi vichupo. Walichokuta ni nguvu mbili zinazovutana. Upande mmoja, wingi wa vichupo unachosha, unaaibisha, na unaelemea mashine. Upande wa pili, kufunga kunaogopesha: ukurasa ukishawekwa kwenye alamisho (bookmark), watu wanaona umezama na hautaonekana tena. Kichupo kilicho wazi ni ukumbusho wa jambo ambalo halijaisha. Sasa ukimletea mtu kama huyo kitufe cha kufagia vichupo vyote, umemsaidia upande mmoja na kumtia hofu upande wa pili.

Arc, kivinjari cha The Browser Company, ilithubutu zaidi. Kichupo ambacho hujakigusa kwa saa kumi na mbili kinaondolewa chenyewe kwenye safu na kuwekwa kwenye hifadhi. Wazo la kichupo chenye umri nalipenda. Lakini Arc ilikuwa na mengi mapya kwa wakati mmoja, na mwaka 2025 wenyewe walieleza kwamba iliwadai watu wajifunze mambo mengi mno kwa malipo madogo. Wakaacha kuiendeleza na kuelekea Dia, kivinjari chao kipya. Na saa kumi na mbili ni kipimo cha nani? Msichana wa HELB akiambiwa arudi kesho na sahihi ya mdhamini, kazi yake ina umri wa siku mbili. Kijana wa boda akimaliza, kurasa zake zilipaswa kufa saa ile ile, sekunde ile ile, tena na kila alama yake. Umri wa kichupo unatoka kwenye kazi. Saa ya ukutani haiujui.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wahudumu wanalijua kwa machungu na wabunifu wengi hawajaliona. Unapoingia kwenye akaunti, tovuti humpa kivinjari kidakuzi, rekodi ndogo ya kusema huyu ni fulani. Kidakuzi hakikai ndani ya kichupo. Kinakaa kwenye wasifu mzima wa kivinjari, na kila kichupo cha tovuti hiyo kinakitumia. Kwa hiyo ukimwingiza mama kwenye kichupo cha tatu, kisha ukamwingiza mwalimu kwenye tovuti hiyo hiyo kupitia kichupo cha saba, utambulisho wa mwalimu unaweza kuchukua nafasi ya ule wa mama. Kwenye kioo bado unaona ukurasa wa mama, jina lake liko pale juu. Ukibofya wasilisha, ombi linaondoka na kidakuzi cha mwalimu. Tovuti iliyojengwa vizuri itashtuka na kuwatoa nje wote wawili. Isiposhtuka, mmeingiza mambo ya mtu mmoja kwenye rekodi ya mwingine, na hamtajua mpaka arudi amekasirika.

Wahudumu mna ujanja wenu: mnafungua dirisha la Hali Fiche (Incognito), lisilotumia vidakuzi vya dirisha la kawaida. Unafaa kwa wateja wawili, mmoja dirisha la kawaida na mmoja Hali Fiche. Wa tatu akija umekwama, kwa sababu kwenye Chrome madirisha yote ya Hali Fiche yaliyo wazi kwa wakati mmoja yanatumia vidakuzi vya pamoja. Basi mnafungua Firefox, halafu Edge, halafu Opera. Mgeni akiona mashine yenye vivinjari vinne atasema hawa watu hawana mpangilio. Mpangilio upo, tena mkali: kila kivinjari ni mteja mmoja. Mmejijengea kwa mikono kile ambacho kivinjari kingewapa.

Na hakuna kizuizi cha kiufundi. Tangu mwaka 2017 Mozilla wana kiendelezi, yaani programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari, kinachoitwa Multi-Account Containers, kinachokuwezesha kufungua tovuti moja kwa akaunti tofauti ndani ya dirisha moja, kila kontena na vidakuzi vyake na rangi yake. Kilibuniwa kwa mtu mmoja mwenye maisha mawili, ya kazini na ya nyumbani. Kwa hiyo kontena zake ni za kudumu, unazitengeneza mara moja kwenye mipangilio. Saiba inataka kitu kinachozaliwa mteja akikaa na kufa akilipa.

Hapa ndipo pendekezo langu la kwanza lilipo, na nitakaa hapa kidogo. Naliita jalada, kwa mfano wa yale majalada ya manila kwenye ofisi za kaunti. Mteja anafika, mhudumu anabonyeza kitufe kimoja, anaandika jina moja: Mama Kibuye. Kuanzia hapo kila ukurasa unaofunguliwa ni wa jalada hilo. Vidakuzi vyake ni vyake. Faili anazopakua zinakaa humo, haziendi kwenye folda ya wote. Anachochapisha kinatoka na jina la jalada kwenye foleni ya printa. Ukingo mzima wa dirisha unabadilika rangi, pande zote nne, kwa sababu mhudumu anatazama kitambulisho kilicho mezani na anaona kioo kwa pembe ya jicho tu. Mstari mwembamba juu ya kichupo hauoni.

Kwenye safu ya juu hamna tena vichupo kumi na vinne. Kuna majalada manne, na kila moja limeandikwa linangoja nini: namba ya siri, kitambulisho, mdhamini, malipo. Maneno hayo mhudumu anayachagua kwa kubofya mara moja anapoliacha jalada. Ukiniuliza ni sehemu gani ya pendekezo hili ningeilinda mpaka mwisho, ni hiyo. Tangu vichupo vizaliwe vimekuwa vikituonyesha majina waliyoyaweka wenye tovuti, ambayo kwa kazi yetu hayasemi kitu. Mwenye saiba anataka kujua tumefika wapi na nani anangojwa.

Mteja akilipa, mhudumu anafunga jalada, na kivinjari kinamtoa mteja kwenye akaunti zote, kinafuta vidakuzi, kinafuta nakala za PDF. Nendeni leo kwenye folda ya vipakuliwa ya mashine yoyote ya umma mjini hapa, mtakuta vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya mitihani, na fomu zenye namba za simu za watu ambao wameshasahau kwamba walipita hapo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo haisemi mhudumu awe na kumbukumbu ya kufuta faili kila baada ya mteja, na binadamu mwenye foleni hataikumbuka. Kifaa kimkumbukie.

Mtaniuliza: stima ikipotea? Swali zuri, na nimesikia mtu kulitamka pale nyuma kabla sijamaliza. Vivinjari vya leo hurejesha kurasa baada ya mashine kuzimika, yaani anwani zake. Jalada lirudishe nini? Nimelifikiria sana na jibu langu ni la katikati. Lirudishe jina, hatua mliyofikia, na kile mlichokuwa mnangoja. Kuingia kwenye akaunti mteja aingie upya, kwa sababu stima inaweza kurudi baada ya yeye kwenda zake, na hatutaki akaunti yake ifunguke yenyewe mbele ya mtu mwingine. Kuna usumbufu hapo. Naukubali, na kama mna njia bora nitaisikia.

La pili ni kulala kwa vichupo. Mashine nyingi za saiba ni za mitumba, ex-UK, zenye gigabaiti nne za kumbukumbu, na vichupo vikizidi zinagota. Tangu mwaka 2015 Chrome ina njia ya kutupa kwenye kumbukumbu vichupo usivyovitazama. Edge ilileta vichupo vya kulala mwaka 2021. Chrome ikaongeza kiokoa kumbukumbu mwishoni mwa 2022. Fomu uliyoanza kuijaza kiokoa hicho hakiigusi, jambo la busara. Lakini kichupo kilichotupwa ukikirudia, kinapakiwa upya kutoka mtandaoni. Mahali ambapo intaneti ni ya mwezi mzima bei moja, hilo ni sekunde mbili za kungoja. Kwa mwanafunzi wa Bondo aliyenunua bando la siku, ni kulipia sehemu ya ukurasa aliokwisha kuulipia asubuhi.

Pendekezo langu ni kwamba kichupo kinapolala kiache maandishi yake kwenye diski. Ukikirudia kinaonyesha nakala hiyo papo hapo, na juu yake imeandikwa ni ya saa ngapi. Ukitaka kipya, bofya. Makala ya masomo haihitaji upya. Ukurasa wa benki unauhitaji, na huo usiachwe kwenye diski hata kidogo. Maandishi matupu ni mepesi sana kwenye diski. Kinacholemea kurasa ni picha, video na matangazo.

Nidokeze moja kwa wenye saiba, maana linahusu usalama. Kulikuwa na kiendelezi maarufu kilichokuwa kikifanya kazi hii ya kulaza vichupo, The Great Suspender. Kilibadilisha mmiliki, na Februari 2021 Google wakakiondoa kwa kuwa kilikuwa na programu hasidi. Viendelezi vya vichupo huomba ruhusa ya kuona kila unachofungua. Kwenye mashine ya umma wekeni vichache iwezekanavyo.

Kuhusu vichupo vya wima, pembeni ya dirisha, sina mengi. Mtunga programu wa Japani anayeitwa Piro alitengeneza Tree Style Tab tangu mwaka 2007, ambamo kichupo kilichofunguliwa kutoka kingine kinakaa chini ya mzazi wake, na ukitazama unaona njia uliyopita. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, ule ukoo. Edge ilipoweka safu ya wima mwaka 2021, na Firefox mwaka 2025, zilichukua wima zikaacha ukoo. Kwa maoni yangu waliacha nyama wakachukua mfupa.

Simu ni habari nyingine, na ndiko wengi wetu tuliko. Kwenye simu hakuna safu. Kuna kisanduku chenye namba, na vichupo vinajikusanya humo kimyakimya. Chrome ya Android ikipita vichupo 99 huacha kuhesabu na kukuonyesha kijiuso kinachocheka. Nyoosheni mikono wenye kijiuso. Naona ni nusu ya chumba, na mzee wangu pale mbele mikono miwili. Kwenye simu sipendekezi jalada, kwa sababu simu ina mwenyewe mmoja. Ninapendekeza ile picha ya ukurasa ibadilishwe. Kwenye kioo cha inchi sita picha ya ukurasa haisomeki. Kiandikwe kilifunguliwa kutoka wapi: kutoka kwa kiungo cha WhatsApp cha shangazi, kutoka kwa utafutaji wa bei ya vifaranga. Mtu akikumbuka alikotoka anajua mara moja kama bado anakihitaji, na anakifunga bila woga.

Mwisho ni akili bandia, kwa sababu najua mtaniuliza. Chrome ilianza kupanga makundi kwa akili bandia mwaka 2024, na Firefox mwaka uliofuata ikaleta yake inayofanya kazi ndani ya mashine yenyewe. Kwa kompyuta ya mtu mmoja, sawa. Kwa saiba swali langu ni kama majina ya kurasa za wateja yanaondoka kwenye mashine. Yakiondoka, zimeni. Isitoshe, akili bandia itaona kurasa tano za kodi na kuziweka pamoja kwa kuwa zinafanana, yaani itawachanganya wale wale wateja tuliokuwa tunahangaika kuwatenganisha.

Nimemaliza kusema, sasa kazi. Pale nyuma kuna mashine tatu zenye jalada la majaribio. Wahudumu watangulie, wanafunzi mkae pembeni mwandike mnachokiona na msiwasaidie. Kila mhudumu atapewa wateja wanne kwa dakika kumi, na katikati nitazima swichi bila kuwaambia ni lini. Tunapima kitu kimoja: mashine ikiwaka, anamrudia mteja yupi kwanza, na ni sahihi? Wateja ni wa kubuni, na namba zao pia. Tafadhali msiingize vitambulisho vyenu.